Siku Niliyoonyesha Mathenge

Iko siku moja ninayoikumbuka kuliko hata siku niliyoolewa, na babako asisikie. Jana uliponipigia simu kutoka Nairobi, mwanangu, ukaniuliza, "Mama, hawa watoto nitawafanyia nini huko Lodwar Disemba wasiboeke?" siku hiyo ilinirudia yote pamoja na vumbi lake. Nikakwambia mtandao unasumbua, nikakata. Mtandao haukuwa na neno. Jibu la swali lako lilikuwa refu, na wewe siku hizi ukiongea na mamako unaongea huku unapanda ngazi. Sasa nimekunywa chai yangu, nimekaa, nakutumia maneno haya kwa sauti. Kaa na wewe usikilize mpaka mwisho, usirukeruke.

Nilikuwa msichana wa miaka kumi na mitano, na kaka yangu Ekal amenipita kidogo. Tuliishi Kakuma. Baba alikuwa na kazi ya stoo kule kambini kwa wakimbizi, kazi ya kuvaa viatu na kuongea Kiingereza, na alikuwa ameapa kwamba watoto wake hawatashika fimbo ya kuchungia mbuzi. Babu yetu, babake Baba, yeye alibaki hapa Lodwar kando ya mto Turkwel na mbuzi wake na ekwar yake. Wewe ekwar unaijua, ila wanao hawaijui, kwa hiyo niache niseme. Ni kipande cha msitu wa ukingoni mwa mto, kila jamaa na chake. Hakina ua wala seng'enge. Mpaka wake uko vichwani mwa wenyewe. Kiangazi kikikaza na majani yakaisha kila mahali, miti ya ewoi iliyo pale huangusha maganda, na hayo ndiyo mbuzi hula mpaka mvua irudi. Ukiwa na mbuzi na huna ekwar, kiangazi kibaya kimoja kinakutosha.

Mwaka ule kiangazi kilikuwa kibaya. Jirani wa upande wa juu wa mto akaanza kuingiza mbuzi wake kwenye miti ya Babu, akisema mpaka haupo pale Babu anaposema, upo chini zaidi. Babu akakataa. Jirani akaapa, Babu naye akaapa. Wazee wakaitisha kikao, na Babu akatuma neno Kakuma kwa dereva wa lori: mwambie mwanangu aje na watoto. Hakusema aje na unga, hakusema aje na majani ya chai. Alisema watoto.

Baba alisikia safari. "Vizuri sana," alisema, akisugua mikono. "Shule zimefungwa. Lodwar ni mji wa historia. Watapanua akili."

Sisi tulinuna, mwanangu, wee! Wenzetu walibaki Kakuma wakienda kutazama mpira kambini, na sisi tunapelekwa kutazama nyumba kuukuu. Ekal alikuwa na redio ndogo ya kaseti yenye visikilizio, aliyoinunua kwa mama mmoja Msudani sokoni kambini. Toka Kakuma hadi Lodwar, juu ya lori, kichwa kinacheza, macho kafumba. Usidhani kuziba masikio kulianza na watoto wako. Nami nilikaa nikihesabu kero zangu vidoleni: jua, vumbi, ndugu, na Baba aliyekuwa akitupigia kelele juu ya mngurumo wa injini kwamba tuangalie kile kilima.

Tulimkuta Babu ameketi kwenye kigoda chake nje ya boma. "Ejok," akasema. Tukaitikia. Akanishika mkono, akaugeuza, akakitazama kiganja, akaurudisha polepole. Kisha akamwambia Baba, "Kesho alfajiri niachie hawa. Nataka kutembea nao ekwar, mti kwa mti."

"Jua ni kali, Baba," babangu akamjibu. Alikuwa na heshima, sikatai, ila ile heshima ya mtu ambaye ameshaamua. "Hawajazoea. Halafu mambo ya mpaka ni ya wazee, watoto watafanya nini huko? Kesho nimewapangia kuona mji."

Tukauona mji. Tulipelekwa kwenye ile nyumba walikofungiwa wapigania uhuru zamani za mkoloni. Baba akasimama mlangoni akatueleza tangu mwanzo wa dunia. Alieleza kwa nini mzungu aliwaleta watu huku: kwamba Lodwar ilikuwa mbali na kila kitu, jua lake ni askari na jangwa lake ni ukuta. Ni mambo mazito hayo, mwanangu, leo nikiyafikiria natokwa na machozi. Lakini siku ile niliegemea ukuta nikiwaza soda. Kila baada ya muda Baba aliuliza, "Mmeelewa?" nasi tukajibu, "Ndiyo, Baba." Ekal alijibu hata pale ambapo hakuulizwa. Baba akaridhika, akatununulia soda, tukarudi.

Jioni Babu akaomba tena. Safari hii hakuomba kama mara ya kwanza, alisimama. "Mwanangu, kikao ni keshokutwa. Niachie watoto kesho."

Baba akatutazama tulivyolala chali kivulini kama samaki waliotolewa ziwani, akacheka. "Unawaona walivyo? Watakusumbua tu. Waache wapumzike, wameboeka. Mimi na wewe tutaenda kikaoni, tutayamaliza."

Babu hakujibu. Kimya kingi kina mshindo mkuu, wahenga walisema, na mshindo wetu ulikuwa haujafika bado. Kesho yake tukapumzika, kama tulivyoombewa. Tulipumzika kutwa nzima mpaka tukagombana.

Siku ya kikao tulikwenda sote, kwa sababu Babu alisema hataondoka bila sisi, na mzee akishikilia jambo hivyo huwezi kumbeba. Wazee walikuwa wameketi juu ya vigoda vyao pale kwenye mchanga, chini ya miti yenyewe inayogombewa. Upande mmoja sisi. Upande wa pili jirani, mzee mwenye sauti kama ya kuita ngamia, na mjukuu wake wa kike, Aite. Aite alikuwa rika langu. Alikuwa na shanga hadi kidevuni, miguu ina vumbi, na alinitazama viatu vyangu mara moja tu, akaviacha.

Jirani akasema yake. Babu akasema yake. Kila mmoja alitaja mti wake wa mpaka, kila mmoja akamtaja Akuj, Mungu wetu, kuwa shahidi. Wazee wakanong'onezana. Kisha aliyesimamia kikao, mzee mmoja mwembamba aliyekuwa muda wote anatafuna tumbaku, akatema mate pembeni akasema, "Mzee anaweza kudanganya kwa ajili ya mbuzi wake. Mimi mwenyewe nimewahi. Mtoto hataji isipokuwa kule alikopitishwa. Hatutaki kusikia wazee tena. Watoto ndio watuonyeshe mpaka."

Mwanangu, moyo ulinilipuka! Nilimtazama Baba, nikaona midomo yake imekauka. Ekal akavuta visikilizio vikaning'inia shingoni. 

Aite akaitwa kwanza. Hakusema hata neno la kujieleza. Alianza kutembea tu, na kikao kizima kikainuka kikamfuata, wazee na vigoda vyao mkononi. Akagusa mti wa kwanza: "Huu maganda yake ni machungu, mbuzi wanaonyonyesha hatuwapi." Akagusa wa pili: "Hapa ngamia wetu alizalia." Wa tatu: "Hapa nyuki walinifukuza, nikaanguka, ona," akaonyesha kovu kwenye goti. Akaendelea hivyo, mti kwa mti, bila kusita, akashuka na ukingo mpaka akapita pale Babu aliposema ni kwetu, akaenda mbele, akasimama kwenye ewoi moja kubwa iliyoinama mtoni. "Hapa ndipo nyanya hunirudisha. Huniambia, mbele ya huu ni ya watu." Wazee wakaguna kwa kuridhika.

"Sasa watoto wa huyu," akasema yule mzee mwembamba.

Ekal akainamisha kichwa. Ukamwona kabisa anatafuta mahali pa kuweka mikono. Baba akasogea kutunong'oneza, na sauti zaidi ya moja zikamkemea, "Wewe nyamaza! Hukuulizwa wewe!" Basi wakanitazama mimi. Nilikuwa najua nini? Nilijua mzungu alikuwa amewafungia watu Lodwar kwa sababu Lodwar ni mbali. Miti yote ilikuwa miti. Lakini nilimwona Babu ananitazama, na macho yake yalikuwa yananiomba, nikashindwa kusimama bure. Nikaenda mbele. Nikauona mti mmoja wa kijani kuliko yote, umejaa vizuri, umetandaza matawi. Nikasema kwa sauti, "Huu hapa. Hapa ndipo mpaka wetu."

Mwanamke mmoja aliyesimama nyuma akapiga kelele, "Ai!" na akajiziba mdomo.

Yule mzee mwembamba akaja hadi niliposimama. Hakunicheka, afadhali angecheka. Akasema, "Mtoto wangu, huo ni mathenge."

Mathenge, mwanangu! Ule mti wa miiba ulioletwa na watu wa miradi juzijuzi tu, usio wa mtu, unaoziba njia na kuwaozesha mbuzi meno. Babu alikuwa mtu mzima tayari wakati mbegu yake ya kwanza inafika Turkana. Nilikuwa nimesimama mbele ya wazee wa ukingo mzima nikatoa urithi wa ukoo wetu kwa gugu.  Nilitaka mchanga unimeze na viatu vyangu.

Hapo ndipo Babu aligeuka. Nilidhani ananigeukia mimi, nikafumba macho. Alimgeukia Baba. Na katika mila zetu, mtu mzima mwenye watoto hakaripiwi mbele za watu na mbele ya watoto wake, kwa hiyo elewa jinsi tulivyoshtuka sote, hata jirani akaweka mkono kichwani.

"Nilikuomba watoto," Babu akasema. "Nikakuomba tena. Ukaniambia jua kali. Ukaniambia wamechoka. Wamechoka na nini? Umewaleta hapa kama magunia, ukawapakua, ukawaweka kivulini, ukawapa soda. Umewapeleka kuona nyumba ya watu waliofungwa, ni vizuri, lakini nyumba yao wenyewe hukuwaonyesha hata mlango. Wewe ukadhani wanakataa kujifunza. Nani hapa amewahi kuwatuma kitu? Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa ni damu yangu na hakuna aliyewapa jembe tangu wazaliwe."

Baba alivua viatu. Mpaka leo sijui kwa nini alivua, labda mchanga ulikuwa umeingia, lakini alivua akavishika mkononi, na machozi yakamtoka mbele ya wale wazee wote. Sijawahi kuona kitu kilichonitisha kama hicho, na mimi nimeona mafuriko ya mto huu.

Wazee wakakata shauri. Miti yote ya juu hadi ile ewoi iliyoinama ikawa ya jirani. Sisi tukaachiwa mkia wa chini, kipande chembamba, kile ninachokilinda mimi hadi leo. Je, Aite alipitishwa penye haki, au nyanya yake alisogeza mpaka akimtembeza? Sijui. Babu alikufa akisema wamemwibia. Ninachojua ni kwamba wao walikuwa na mtoto aliyejua, na sisi tulikuwa na watoto waliopumzishwa. Kabla ya mvua kurudi, Babu alibakiwa na mbuzi wachache sana, na wale waliokufa niliwajua kwa majina, kwa sababu nilikuwa nimekataa kurudi Kakuma likizo ile na ndimi niliyewaburuta kutoka bomani.

Kabla sijamaliza habari za siku ile: watu walipokuwa wakitawanyika nilimfuata Aite. Nilikuwa na hasira, nilitaka kumpiga au kumuuliza, sikuwa nimeamua. Nikauliza. "Wewe uliyashikaje hayo yote? Walikukalisha wakakufundisha?"

Akanishangaa. "Nani ana muda wa kunikalisha? Mimi hutumwa. Nisipokuja huku, mbuzi wa kwetu hawali."

Hilo ndilo jibu lako, mwanangu. Limekaa nami miaka yote hii.

Sasa nisikilize vizuri. Umeniambia umewawekea Brian na Joy filamu kwenye tableti, za kuwatosha wiki nzima. Umeniambia utawapeleka kuona ile nyumba ya wafungwa, na makumbusho, halafu ziwani Kalokol, kila siku na ratiba yake. Ratiba ni yako. Wewe ndiwe utakayejua njia, wewe ndiwe utakayeuliza bei, wewe utaongea na watu, wewe utabeba maji. Wao watafanya nini? Watakaa nyuma ya gari wakupigie picha mgongo. Halafu utanilalamikia kwamba watoto wa siku hizi hawapendi asili yao. Mwacha asili ni mtumwa, kweli, lakini anayefichwa asili yake je, yeye tumwite nani?

Sina ugomvi na simu. Waje nazo. Ila wape kazi ambayo wasipoifanya safari itakwama, na uwe na moyo wa kuiacha ikwame. Joy anajua kubishana, nakumbuka alivyonishinda kuhusu kulala; basi pesa za sokoni mpe yeye, anunue samaki, auziwe vibaya, arudi akiwa amekasirika. Atawajua wauza samaki wa Lodwar kuliko wewe. Brian hasemi na mtu, lakini anasikiliza, huyo mwambie atafute mzee mmoja tu mjini aliyeiona ile nyumba ikiwa na wafungwa au aliyesimuliwa na babake, na bila huyo mzee hamuingii ndani. Atazunguka. Ataona aibu. Kiturukana chake kitachekwa, na atakayemcheka ndiye atakayemfundisha. Wakikosea njia, wewe kaa kimya kwenye kiti chako. Najua itakuwasha. Usiseme "angalia pale." Mtoto wa umri huo ukimwambia angalia, anaangalia vidole vyake vya miguu. Mwambie, "Nenda ukaulize uje utuambie, tunakungoja."

Na wakisema wameboeka, usikimbie kuwanunulia soda. Kuboeka ni njaa. Ukimwona mtoto ana njaa humuimbii wimbo alale, unamtuma kuni.

Nimebakisha jambo moja, na ndilo lililonifanya nikate simu jana. Ule mkia wa ekwar tuliobakishiwa, watu wameanza kuutamani. Mji umekua, mwanangu. Wanapima viwanja hadi ukingoni, na mjukuu wa jirani yule yule anasema mpaka uko chini zaidi tena. Kikao kimeitishwa Disemba, wiki ile ile mtakayokuwa hapa. Wazee walinijia wiki iliyopita kuniuliza nani atasimama kwa upande wetu. Magoti yangu unayajua, lakini sikuyasingizia. Niliwaambia mimi sitasema neno lolote. Niliwapa majina mawili, Brian na Joy, na wazee wakayakubali.

Usipige kelele. Nakusikia hata kabla hujapiga. Utasema ni watoto wa Nairobi, hawajui ewoi na hawajui mathenge. Ndiyo, hawajui. Ndiyo maana nakwambia mapema, mje siku chache kabla ya kikao, na kila alfajiri uniachie hao watoto. Ukiniambia jua ni kali, miti itaondoka, na safari hii hakuna mkia utakaobaki.

Mwanangu, nakutemea mate ya baraka kutoka hapa nilipoketi. Akuj akufikishe wewe na wanao, barabara iwe nyeupe mbele yenu na nyoka watoke njiani. Mikono yao ipate kazi, miguu yao ipate vumbi, midomo yao isikauke mbele za watu. Na siku utakaponizika, pawe na mtoto wa kukuonyesha ni chini ya mti upi. Haya, nenda kawaambie.